Mchanga Kwanza, Sabuni Baadaye: Kukosha Gari Unguja Bila ya Kuichubua Rangi

Alfajiri, ukipita Malindi au kando ya Mnazi Mmoja, utawaona wenye gari wameshika matambara. Umande umeshuka usiku, mabati yamelowa, na mtu anaona amepata maji ya bure. Anapitisha tambara juu ya boneti, anazunguka milango, analikamua, anarudi tena. Dakika kumi tu gari linameremeta na mwenyewe anakwenda kunywa chai. Ukiniuliza ni kitu gani kinachoharibu rangi za gari zetu hapa Unguja kuliko jua na kuliko chumvi ya bahari, nitakuonesha tambara hilo la umande.

Umande hauondoi vumbi. Unaligeuza tope jembamba, basi. Ukilisugua tope hilo kwa kitambaa umepiga msasa, na kila ukizungusha mkono chembe zile zile zinazunguka nao. Rangi ya gari la siku hizi ina tabaka la juu lisilo na rangi, mafundi huliita klia, nalo ndilo linalotoa ule mng'aro. Unene wake kwa kawaida ni kiasi cha maikroni 40 hadi 50. Unywele wa mtu una maikroni 70 hivi. Kwa hiyo unachokilinda unapokosha gari (sisi huku twasema kukosha, wenzetu wa Bara huosha) ni kitu chembamba kuliko unywele, na kikishalika hakioti tena.

Nililijua hilo kwa hasara. Mwaka mmoja nilikwenda Makunduchi kuangalia sherehe za Mwaka Kogwa, mwezi wa Julai, kusi ikivuma kwelikweli. Niliegesha karibu na kiwanja pamoja na gari nyingine nyingi, na ngoma zilipokwisha gari langu la buluu iliyokoza lilikuwa jeupe utadhani limepakwa chokaa. Asubuhi ya pili nilichukua kipande cha kanga kuukuu, kikavu, nikafuta boneti zima na paa. Ijumaa, nikitoka msikitini, jua la saa saba likalipiga gari, nikaona mikwaruzo ya mviringo imeuzunguka mwanga kama utando wa buibui. Niliikosha kwa sabuni, haikutoka. Fundi wa rangi akanieleza kwamba mikwaruzo haifutiki, bali klia yenyewe ndiyo hupunguzwa kwa kupigwa polishi mpaka ifike chini ya mikwaruzo, na kwamba kazi hiyo huwezi kuirudia mara nyingi kabla ya kuifikia rangi.

Tangu siku ile nina sharti moja: mkono haugusi rangi mpaka mchanga umeshaondoka kwa maji.

Ijue njia uliyopita

Vumbi la kisiwa hiki si moja. Upande wa magharibi na katikati, kwenye mashamba ya minazi na mikarafuu, kuna udongo mwekundu wa kinongo na ardhi za mchanga. Mashariki na kusini ni maweni, jiwe la matumbawe limefunikwa na udongo haba, na barabara za ndani zisizo na lami hutoa vumbi jeupe laini kama unga. Wanajiolojia hupima ugumu wa madini kwa kipimo cha Mohs, kuanzia 1 hadi 10. Kalsaiti, ambayo ndiyo mwili wa jiwe la matumbawe, imo kwenye 3. Kwatsi ya mchanga wa kawaida imo kwenye 7, ngumu kuliko kisu cha chuma. Vumbi jeupe linatisha kwa macho kwa sababu linaonekana, lakini mchanga mchache wa njia nyekundu unachimba zaidi. Na usije ukajidanganya kwamba 3 ni laini. Kwa klia, ambayo ni aina ya plastiki, vyote viwili ni vikali.

Chumvi ina mambo yake. Ukitoka Paje, Bwejuu au Jambiani wakati wa kusi, gari huwa na ukungu wa chumvi ulioganda juu ya vioo. Chumvi huyeyuka, na hiyo ni rehema: mwagia maji baridi tu, uyaache yashuke, mwagia tena. Tabu yake iko chini ya gari, ndani ya madgadi na kwenye kingo za milango, ambako huotesha kutu. Kwa hiyo ukitoka pwani maji ya kwanza yapeleke chini.

Ndani ya mji kuna chokaa. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zinamomonyoka, na palipo na ukarabati panakuwa na vumbi lake. Chokaa mbichi ikilowa nusunusu juu ya rangi hushika na kuila. Ukiona madoa meupe baada ya kuegesha chini ya jukwaa la mafundi, usiyakwangue kwa ukucha wala kwa kadi. Yamwagie maji mengi siku hiyo hiyo, usingoje Ijumaa.

Kisha kuna yanayoshuka kutoka juu. Kunguru hawa waliojaa mjini waliletwa kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890 ili wale taka, na tangu hapo miti ya Forodhani na Vuga ni yao. Kinyesi cha kunguru kina tindikali na mara nyingi kina punje ngumu ndani yake. Kikikauka, usikifute. Kunja kitambaa kilicholowa vizuri, kiweke juu yake kama unavyomkanda mgonjwa, kiache kiasi cha dakika kumi, kisha kiinue moja kwa moja bila ya kukivuta. Rudia mpaka pabaki safi. Madoa ya zambarau nayo hutolewa hivyo hivyo, mapema. Utomvu wa mwembe ni shida zaidi. Pale Bungi, njia ya kusini inapita chini ya miembe mikongwe ambayo watu husema ilipandwa na Bi Khole, binti wa Sayyid Said. Kivuli chake kinamvuta kila mtu kusimama. Simama, lakini ukifika nyumbani lipapase boneti kwa macho, na utomvu uutoe ungali laini kwa maji ya vuguvugu yenye sabuni. Ukishakuwa mgumu kama gundi mpelekee fundi.

Maji

Tangu Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alipovuta maji kwa mabomba kuyaleta mjini, watu wa mji huu wanakunywa maji yaliyopita ndani ya mwamba wa chokaa. Ni maji mazuri ya kunywa, ila kwa gari yana kasoro: yakikauka juu ya bati huacha duara jeupe. Huhitaji maabara kuyajua. Tazama ndani ya birika lako la chai. Likiwa na ganda jeupe kitako, maji yako ni magumu, na hayatakiwi kukaukia juu ya rangi hata tone moja. Maji ya visima vya karibu na pwani ni mabaya zaidi, maana mengi yana chumvi. Yatumie kwa matairi kama huna budi, usiyatumie kumalizia.

Maji bora kuliko yote kwa kazi hii yanashuka bure wakati wa masika na vuli. Kinga pipa moja chini ya mchirizi wa paa, baada ya mvua ya kwanza kushusha vumbi la mabati, ulifunike lisizae mbu. Maji ya mvua hayana chokaa, yanatoa povu kwa sabuni kidogo, na ukimalizia nayo madoa yanakuwa machache sana. Mimi pipa langu sigusi kwa jambo jingine.

Kuhusu kiasi: mpira wa maji ulioachwa wazi hutoa lita 10 au zaidi kwa dakika, kwa hiyo robo saa ya uzembe ni lita 150 na kuendelea. Mitaa mingi yetu ina mgao, jirani anasubiri tone, na dini imetukataza israfu ya maji hata tukiwa mtoni. Gari dogo hukosheka vizuri kwa ndoo nne au tano za lita 20 ukiyatumia kwa mpango. Ukiwa huna mpira, tumia lile kopo la kumwagilia maua lenye matundu mdomoni, au bomba la mgongoni la kupulizia dawa shambani. Hilo bomba la kupulizia linafaa mno, linatoa manyunyu yenye nguvu kwa maji machache, lakini liwe jipya au la kazi hii tu. Lililowahi kutiwa dawa ya magugu au ya wadudu usilitumie.

Na kama maji hayatoshi? Liache gari na vumbi lake. Nasema hili kwa moyo wote kwa sababu najua aibu tunayoisikia kupeleka gari chafu harusini. Vumbi lililokaa halikwaruzi kitu. Likorofishwe kwa tambara kavu, ndipo litakapokwaruza. Safisha kioo cha mbele na taa upate kuona njia, mengine yasubiri.

Vyombo vya mkono

Dodoki waachie watu na matairi. Juu ya rangi, hata likiwa limelowa, nyuzi zake ni ngumu. Makumbi ya nazi usiyataje. Sponji ya kawaida si mbaya kwa ulaini wake, ila uso wake ni bapa: chembe ikinaswa haina pa kuingia, inabaki katikati ya sponji na bati. Kanga na fulana kuukuu zina aibu hiyo hiyo, pamoja na mishono yake. Kinachotakiwa ni kitu chenye manyoya marefu, chembe ipate kupanda ndani na kuiachia rangi nafasi. Glavu ya manyoya ya maikrofaiba inapatikana katika maduka ya vifaa vya gari, na ukiitunza itakaa muda mrefu. Taulo za kukaushia nazo ziwe za maikrofaiba nene, mbili. Zikate lebo pembeni, maana lebo ile ngumu nayo huchora.

Ndoo tatu. Ya kwanza ina maji ya sabuni. Ya pili ina maji matupu, ya kusuuzia glavu. Ya tatu, na kitambaa chake, ni ya ringi na matairi peke yake, kwa sababu vumbi la breki ni chembe za chuma. Kitambaa kilichogusa ringi kisiguse mlango tena maisha yake yote. Katika ile ya pili, tia chujio la plastiki lililogeuzwa kichwa chini, likae kitako cha ndoo. Mchanga utazama chini ya chujio na glavu yako haitaufikia. Chujio la bei ndogo linatosha, na faida yake utaiona kwa macho.

Sabuni ya unga ya kufulia na ya vyombo zimetengenezwa kukata mafuta. Zitalikata na lile tabaka la nta linaloilinda rangi, na punje za unga zisizoyeyuka zinakuwa mchanga mwingine. Shampuu ya gari ina utelezi, na utelezi ndio unaoununua, si harufu wala povu. Kifuniko kimoja au viwili kwa ndoo, kama maandishi ya chupa yanavyosema. Kuzidisha hakusaidii.

Kazi yenyewe

Saa nzuri ni baada ya Alfajiri, kabla jua halijapanda, au baada ya Alasiri panapo kivuli. Gusa boneti kwa mgongo wa mkono. Likiwa la moto, ngoja, kwa sababu maji na sabuni vitakaukia hapo kabla hujafika upande wa pili. Wakati wa kusi tafuta upande uliokingwa na ukuta, la sivyo upepo utakuletea mchanga mpya juu ya gari bichi. Vua pete na saa, na kama mshipi wako una bizimu ya chuma uvue pia au uugeuze nyuma. Wengi huchora mlango kwa tumbo lao wakinyoosha mkono kufika paa.

Anza na ringi na matairi, umalize kabisa, utupe maji yale.

Kisha mwagia gari zima kutoka juu kushuka chini: paa, vioo, boneti, buti, milango, bampa. Usiguse. Subiri dakika mbili tatu, tope lilainike, mwagia tena. Mtu mwenye haraka huruka hatua hii, au huifanya kwa kopo moja la kulowesha tu, halafu anashangaa. Kama muda wako ni nusu saa, dakika kumi zote zipe hatua hii. Elekeza maji kwa mshazari, yausukume mchanga ushuke, usiyapige moja kwa moja yakaubandika. Ukipata mashine ya presha, iweke mbali na rangi zaidi ya urefu wa mkono wa kiwiko, na mbali zaidi palipo na rangi iliyokwisha kubanduka.

Sasa glavu. Itie ndani ya sabuni, iweke juu ya paa, na uache uzito wake ufanye kazi. Usikandamize. Vuta kwa mistari iliyonyooka, kutoka mbele kwenda nyuma, kwa sababu mkwaruzo wa mstari mmoja mtu hauoni isipokuwa upande mmoja wa mwanga, bali wa mviringo huonekana popote ulipo jua. Kipande kimoja kidogo, nusu ya paa kwa mfano, kisha glavu iende ndoo ya pili, uichezeshe juu ya chujio, uikamue, ndipo irudi kwenye sabuni. Mtoto anayekusaidia mfundishe mwendo huu: sabuni, bati, maji, sabuni. Daima kutoka juu kuja chini. Nusu ya chini ya milango na bampa la nyuma ndiko mchanga unakojificha, unarushwa na matairi, kwa hiyo huko ni mwisho kabisa, na kwa upande wa pili wa glavu.

Glavu ikianguka chini imekwisha kwa siku hiyo. Hata ukiisuuza mara tatu, uwanja wetu ni mchanga na kokoto za matumbawe, na punje moja iliyong'ang'ania manyoyani inatosha. Kuwa na ya akiba.

Panapo sehemu bado chafu usiongeze nguvu. Ongeza maji, ongeza sabuni, subiri.

Suuza kabla sabuni haijakauka. Siku ya kaskazi, joto likiwa kali, suuza kila upande unapoumaliza. Mwisho mwagia maji ya mvua ukiwa nayo, taratibu, bila ya kunyunyiza, yateleze kama shuka. Maji yakishuka kwa shuka moja huchukua na matone, na unabaki na machache ya kukausha.

Kukausha ndiko kunakoharibu kazi ya walio wengi. Wamekosha vizuri, kisha wanalisugua gari kama wanasugua sufuria. Tandaza taulo juu ya boneti kwa upana wake, ikandekande kwa viganja, iinue. Ama ishike ncha mbili uivute kuja kwako kwa uzito wake tu. Taulo ya kwanza inyonye maji mengi, ya pili imalizie. Fungua milango na buti ufute kingo za ndani kwa kitambaa kingine, maana humo mna mafuta na uchafu wake. Na taulo usizianike juu ya ukuta wa mawe. Nimeona mtu anatumia taulo ya bei kubwa, anaitundika juu ya ukuta wa chokaa uani, wiki ya pili anaifutia gari ikiwa na punje za ukuta. Tundika kwenye kamba, zikikauka zitie ndani ya mfuko au kopo lenye kifuniko.

Kama yamebaki madoa meupe ya maji magumu, changanya siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, lowesha kitambaa, weka juu ya doa kwa dakika moja kivulini, suuza kwa maji mengi. Usifanye hivyo kila wiki, kwa kuwa siki nayo ni tindikali.

Mara mbili kwa mwaka paka nta, kabla ya kusi na kabla ya kaskazi. Nta ya karnauba hutoka katika majani ya mti wa Brazil ulio wa ukoo mmoja na mnazi wetu; mti huo wa Brazil hujipaka nta hiyo ili jua lisiunyang'anye maji. Juu ya gari nta inakinga vivyo hivyo, na juu ya hapo inatia utelezi: vumbi halishiki sana, na kinyesi cha kunguru kinapata kizuizi kabla ya kufika kwenye klia. Paka kwa wembamba, juu ya gari lililokauka na kupoa. Utajua imekwisha pale maji yatakapoacha kufanya matone ya duara na kuanza kutandaa. Mafuta ya nazi na dizeli, ambavyo watu huvipaka ili gari ling'ae, hunasa vumbi siku hiyo hiyo; usiviweke juu ya rangi.

Anayekaa ndani ya Mji Mkongwe, vichochoroni, gari lake liko mbali na mfereji wake, na kubeba ndoo tano kutoka ghorofa ya pili si jambo la kila wiki. Huyo namshauri awe na mahali pamoja shamba, kwa ndugu au rafiki mwenye uwanja na pipa, akoshe mara moja kwa wiki mbili kwa utaratibu, badala ya kufuta kila asubuhi. Ukimpa kijana akukoshee, mletee ndoo ya pili na glavu yako mwenyewe, umwoneshe unavyotaka, na umwongeze kidogo kwa muda wake. Vijana wengi hutumia ndoo moja na sponji moja kwa gari kumi kwa sababu hawajalipwa kwa zaidi ya hapo.

Maji machafu usiyamwage karibu na kisima wala usikoshee gari kwenye mto au chemchem. Jiwe letu lina matundu, kinachomwagwa juu hushuka kwenye maji tunayoyanywa. Ndoo ya sabuni imwage mahali palipo na udongo na majani, mbali na kisima. Ile ya pili iache itulie kidogo, imimine maji polepole, kisha inua chujio utazame kitako. Utakuta mchanga, mwekundu kama ulipita Mwera, mweupe kama ulitoka Jambiani. Suuza chujio, geuza ndoo zikauke.